Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nimeze. Wapo walioniambia, Mwalimu, huo ni mpira tu, mpira una matokeo matatu. Hao ndio walionifanya nikae chini niandike.

Kwetu huku Rungwe bendera ya ofisi ya kata hupandishwa asubuhi na kushushwa saa kumi na mbili jioni. Anayeishusha ni mgambo mmoja wa makamo, mtu wa utaratibu kupita kiasi, ambaye hata mvua ikimnyeshea mchana kutwa kola yake haipindi. Hupuliza filimbi moja ndefu, nawe ukiisikia unasimama hapo ulipo. Mwenye baiskeli anashuka. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anasimama nao hivyo hivyo. Hata walevi wa kilabuni wanajishikiza ukutani na kujitahidi kunyooka. Bendera ikishakunjwa anapuliza tena, na kila mtu anaendelea na safari yake. Hakuna anayetushikia fimbo. Nimefundisha miaka mingi shule ya msingi iliyo jirani na ofisi hiyo, na mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa bado anakimbia filimbi ikilia, mimi ndiye niliyemshika mabega nikamwambia: hapo ulipo, mikono chini, macho kwenye bendera.

Mmoja wa watoto hao alikuja kuwa kipa wa timu ya wasichana ya kata yetu, ambayo mimi ni mlezi wake. Wazazi wake wako Lufingo, lakini amelelewa hapa na bibi yake. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akawa anachuma chai kwenye kishamba cha bibi na jioni anakuja uwanjani na matope ya shambani miguuni. Mwaka ule alikuwa na jambo moja tu kichwani. Timu itakayoshinda fainali ingekwenda Mbeya kucheza mbele ya makocha wanaochagua wasichana wa kuchukuliwa shule ya michezo, wakasome huku wanacheza. Aliniambia, "Mwalimu, nifike Mbeya tu." Nilimwelewa, kwa sababu nilimjua tangu hajui kufunga kamba za viatu.

Fainali ilipangwa kuanza saa tisa kwenye uwanja wetu, ambao uko mbele ya ofisi ya kata. Mlingoti wa bendera upo pembeni kidogo, ng'ambo ya goli la chini. Saa tisa timu zote mbili zilikuwa tayari, mwamuzi yupo, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Aliyekosekana ni mgeni rasmi, mheshimiwa aliyetoa kombe. Wasichana wakapasha misuli, wakapoa, wakapasha tena. Alifika saa kumi imeshapita sana, akapunga mkono kana kwamba tulikuwa tumekuja mapema sisi. Mpira ulianza ukungu umeshaanza kuteremka kutoka mlimani.

Sasa niseme habari ya meza yake. Chini ya turubai walikuwa wamemwandalia meza, na juu ya meza wametandika bendera ya taifa. Sisemi kitambaa chenye rangi zake, nasema bendera yenyewe. Juu yake waliweka kombe, chupa za soda na sahani ya karanga. Nilimfuata mshereheshaji nikamwomba aitoe. Akacheka, akaniambia nisiwe na wasiwasi, hayo ni mapambo ya kizalendo. Chupa moja ilikuwa imeshaacha duara la maji kwenye ule weusi wa katikati. Nilirudi kwenye benchi letu.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, lazima niseme kweli. Wageni, timu ya kata nyingine, walikuwa na mshambuliaji mwenye mbio, na mara mbili nzima alibaki yeye na kipa wetu peke yao. Mara zote mbili binti alitoka golini akajitupa miguuni pake, akainuka na mpira kifuani na tope mpaka kwenye nyusi. Bibi yake, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga uwanjani, alikuwa anapiga vigelegele hata mpira ukitoka nje. Zilibaki dakika chache, bado hakuna bao.

Ndipo filimbi ikalia, ile ndefu, kutoka ofisini.

Wasichana wetu wote walisimama. Hakuna aliyewaambia. Watazamaji wakasimama, bibi akasimama, mimi nikasimama. Wageni nao walisimama, maana hakuna kata hapa wilayani isiyo na filimbi hiyo, na yule mshambuliaji akabaki na mguu juu ya mpira. Mwamuzi alisimama. Nilimwona kwa macho yangu, visigino vimegusana, mikono imenyooka mapajani. Uwanja mzima ukanyamaza, tukasikia kamba ikigongagonga mlingoti. Aliyekuwa amekaa ni mmoja, na alikuwa anabandua maganda ya karanga.

Kocha wa wageni akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Piga."

Msichana wa watu alimtazama kocha, akatazama bendera, akamtazama kocha tena. Kisha akapiga. Mpira ulikwenda polepole kwenye majani yenye maji. Kipa wetu alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono chini, macho kwenye bendera, na mpira ukapita karibu na goti lake ukaingia wavuni. Aliuona. Naapa aliuona, na hakutikisika.

Mgambo akakunja bendera, akapuliza filimbi ya pili. Pale kwenye meza mgeni rasmi alikuwa anapiga makofi. Mwamuzi alitazama kule mezani, akatazama wavuni, akanyoosha mkono katikati ya uwanja.

Niliingia uwanjani. Sikuingia kwa adabu, na sijuti. Nilimuuliza mwamuzi ni bao la namna gani lile. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi sikupuliza. Mchezaji anasikiliza filimbi ya refa."

"Na wewe ulisimama kwa ajili gani?"

"Nilisimama kama raia," akasema. "Bao nimelikubali kama refa."

Nimeshasikia majibu ya kipuuzi maishani mwangu, nimefundisha watoto, lakini lile limeyapita yote. Mgambo alikuja na bendera yake kwapani kueleza kwamba filimbi ilikuwa ya serikali. Watu wakamgeukia yeye. Wakamwambia ameharibu mchezo, alishindwa nini kungoja mpira uishe? Alijibu kwamba saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, na kama mheshimiwa angefika saa tisa tusingekuwa hapo. Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza tena, dakika zilizobaki zikaisha bila bao jingine, na waandaaji wa mashindano wakatangaza kwamba matokeo yanabaki kama yalivyo.

Kisha tulihutubiwa, na hotuba ilikuwa ya uzalendo. Mheshimiwa aliegemeza ngumi zake zote mbili juu ya bendera akatuambia kwamba vijana wa siku hizi hawana mapenzi na nchi yao. Kipa wetu alikuwa amesimama mbele yake kwenye mstari wa walioshindwa, tope limeanza kumkaukia usoni. Hotuba ilipokwisha dereva wake akatoa kombe na chupa, akakung'uta maganda ya karanga, akaifumbata bendera na kuitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Wageni walikwenda Mbeya. Binti alirudi kwenye chai. Vijana wa kijiweni wakampa jina la Sanamu, na akipita walikuwa wanasimama mikono chini huku wanacheka. Niliwafokea mpaka sauti ikanikauka. Yeye hakuwahi kulalamika, na sijui kama hilo halikuniumiza kuliko yote.

Juzi nilikuwa naye sokoni Tukuyu, nimemwomba anisaidie kubeba maharage. Tulikuwa tunapita karibu na ofisi moja pale mjini filimbi ilipolia. Nilisimama, na watu wote wakasimama. Yeye akaendelea kutembea na furushi langu kichwani, mwendo ule ule, katikati ya watu waliosimama.

Mzee mmoja akamnong'oneza kwa ukali, "Gwe binti, husikii filimbi?"

"Naisikia, shikamoo," akamjibu bila kugeuka. "Siyo ya refa."

Nilitaka kumwita. Jina lake lilikuwa mdomoni. Mikono yangu ilikuwa chini, macho kwenye bendera, na yeye alikuwa ameshapita.