Siku Mama Alipokataa Kushuka Garini

Harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaangwa kwa vitunguu, ikifungiwa ndani ya gari dogo kwa saa nane, haina huruma kwa mtu. Tulitoka kwetu Garland, Texas, asubuhi, Baba akiendesha, Mama amepakata ugali uliofungwa ndani ya kitenge, mimi na mdogo wangu Bahati tumebanwa nyuma na madumu ya maji. Nilikuwa na miaka kumi. Niliyahesabu yale madumu mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa sita. Kwa maji hayo tungeweza kurudi nyumbani kwa miguu, na nadhani ndivyo Mama alivyokuwa amepanga endapo tungefukuzwa.

Yalikuwa majira ya joto ambayo televisheni yetu haikuzimwa. Kila jioni wanasiasa waligombana juu ya watu kama sisi, waliofika Texas kutoka kambi za wakimbizi na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, na kila siku Mama alizidi kunywea. Alikwenda kazini, ghalani, kufunga maboksi, akarudi, akafunga mlango. Kanisani aliketi benchi la mwisho, karibu na njia ya kutokea. Kicheko chake, ambacho zamani jirani wa ghorofa ya juu alikilalamikia kwa kupiga sakafu kwa kisigino, sikukisikia tena tangu shule zifungwe. Nilikitaka kirudi. Nilichokuwa nacho ni kadi tuliyopewa darasa la nne, inayoiingiza familia nzima bure katika hifadhi za taifa. Nikaanza na Baba. Niliomba milima ya mbali kabisa, wiki nzima, nikijua atakataa. Akasema labda bustani ya jirani, saa moja. Tukasukumana hivyo siku nne, mpaka tukapatana ngome ya kale, nayo pia ni hifadhi ya taifa, huko magharibi ya mbali ya Texas, siku mbili. Mpaka leo naamini ningekaza kidogo ningepata tatu.

Kosa langu ni kwamba sikumuuliza Mama neno hifadhi lilimaanisha nini kwake. Kwetu, mashariki ya Kongo, kijiji kilipakana na hifadhi, na hakuna aliyekwenda huko kutembea. Wanawake waliingia kutafuta kuni, wakiviziana na walinzi wenye bunduki. Siku moja Mama alirudi bila mzigo wake. Dada yake hakurudi kabisa. Hayo niliyajua nilipokuwa mkubwa. Siku ile niliona tu kwamba tulipoegesha chini ya majabali mekundu, na mlinzi akatokea kwenye njia ya kokoto amevaa sare na kofia pana, Mama aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Bahati! Tupa ile fimbo!" alifoka dirishani, kwa maana mdogo wangu alikwisha kuteremka na kuokota kijiti. "Unataka batupige masasi?"

Bahati akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni kijiti tu, nani ampige mtu risasi kwa kijiti. Lakini alikitupa.

"Mama Neema, shuka," Baba alisema kwa upole. "Hapa si kule."

"Mi sitoke. Weye enda na batoto. Bakiwafunga wote, nani atawaletea chakula?"

Mlinzi alikuwa mama mtu mzima, mweusi kutushinda sote. Alipofika dirishani, Mama alimkabidhi mfuko mzima wa karatasi kabla hajaulizwa: barua za kambini, vyeti vya chanjo, picha za pasipoti. Yule mama hakuufungua. Alinusa, akauliza huyo ni samaki gani.

"Mwambie ni ndagala," Mama aliniambia, mlango bado haujaachiwa. "Mwambie amekonda. Ale."

Mlinzi akacheka, akasema atakula, lakini kwanza angependa kutuonyesha lile jengo refu. Humo, alisema, zamani walilala askari weusi, na wengi wao walizaliwa watumwa. Mama akataka kujua askari hao walimlinda nani. Nilitafsiri nikiona aibu. Yule mama akajibu kwamba walilinda barabara na wasafiri, na pia walitumwa kupigana na wenyeji wa ardhi hii, na kwamba yeye husimulia yote mawili.

"Huyu hadanganye," Mama akasema, na mlango ukafunguka.

Ndani vitanda vilipangwa safu mbili, mablanketi yamekunjwa. Mama alitembea polepole katikati, kama anayepita wodini. Tulipotoka barazani aliinua kidole kuelekea kijiti alichokitupa Bahati. Muulize, akaniambia, mtu akichukua ukuni hapa itakuwaje?

Hairuhusiwi, mlinzi alisema. Hata kijiti.

"Na akichukua?"

"Nitamwomba akirudishe."

Nilipotafsiri, Mama alinitazama kana kwamba nimekosea. Nikarudia. Ndipo akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Atamwomba! Baba Neema, umesikia? Banaomba!" Kisha machozi, kisha kicheko tena, na yule mama wa kofia pana akaketi kando yake akala ndagala kwa vidole, kichwa na mkia, bila kuuliza chochote.

Sasa nafanya kazi hospitali moja mjini Houston na ninaishi Pearland. Ugomvi ule wa wanasiasa umerudi, na safari hii umefika mpaka hifadhini: watu wanabishania mbao za maelezo, zinaruhusiwa kusema nini kuhusu utumwa. Mimi, raia wa Marekani sasa, natembea na pasipoti hata nikienda kununua mkate, nisije nikakamatwa. Nilipomsomea Mama habari hizo simuni na kumwambia kwamba labda si wakati mzuri wa kusafiri, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mi niliogopa yenye nilionaka na macho," alisema. "Weye unaogopa ya mu simu. Twende."

Tulikwenda tena ngomeni mwezi uliopita. Sijazima gari, naye alikuwa ameshateremka, anamuuliza mlinzi, binti mdogo, kwa Kiingereza chake, kama bado wanasimulia habari za wale waliozaliwa watumwa. Yule mlinzi wa zamani alitusimulia bila kugeuza shingo. Binti huyu aliangalia kushoto, akaangalia kulia, ndipo akasema: ndiyo, mama, njooni.