Adano na Karatasi za Gundi

Isiolo watu huomba mvua misikitini na makanisani, na ikinyesha hutoka nje wakalowa kwa kupenda. Adano Guyo yeye aliingia ndani akafunga mlango. Majirani zake wa mtaa wa Bulapesa walijua sababu, kwa hiyo hakuna aliyemcheka.

Sababu yenyewe ilikuwa ya mwaka 1966, wakati wa vita vya shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini, watu walipofungiwa kambini pamoja na mifugo yao. Mkewe, Abiba, alikuwa na uchungu kwa siku mbili bila kujifungua. Adano akapewa ruhusa ya kumpeleka hospitali, nakala iliyopigwa taipu kwenye karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Aliikunja, akaifunga kwenye ncha ya kikoi chake, akampandisha mkewe juu ya punda. Mvua ikawakuta njiani. Walipofika kwenye kizuizi alifungua fundo, akatoa kitu laini kilichomgandia vidoleni.

"Hii ni uji," mlinzi akamwambia. "Leta ruhusa."

"Ndiyo hiyo, afande. Imelowa."

"Basi rudi ukaandikiwe ingine."

Abiba, ameinamia shingo ya punda, akauliza, "Karatasi iko wapi?" Aliuliza tena wakiwa njiani kurudi, mara tatu, mara nne. Adano hakumjibu hata mara moja, akazidi kumvuta punda. Kambi ilikuwa bado haijaonekana Abiba alipokata roho, na mtoto tumboni. Alimwachia Adano binti wa miaka mitatu, Habsa.

Vita vilipokwisha, Adano alihamia mjini akapata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya serikali. Kazi ikamkutanisha na zile zile karatasi nyepesi za nakala. Alizibeba kila siku kutoka meza hii hadi ile, viganja vikimtoka jasho. Saa saba mchana, makarani wakienda kula, upepo ulipita dirishani ukazitikisa, na katika ule mchakacho wake Adano alisikia swali la mkewe. Aligeuka kila mara. Alijua fika kwamba sauti haikuwa chumbani, ilikuwa ndani yake, ila kujua hivyo hakukumsaidia kitu.

Mwaka 1975 alikuja Mjapani mmoja kufundisha useremala, jina lake mwalimu Onodera. Siku moja, akisubiri barua pale ofisini, aliokota nakala iliyoharibika, akaikata mraba na kuanza kuikunja. Ikatokea korongo mwenye shingo ndefu. Lakini shingo ilianguka, na bawa moja likapasuka kwenye kunjo.

"Nyembamba sana," Onodera akasema kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Lakini ukipaka gundi, inapata mgongo."

"Na ikilowa, mwalimu?"

Onodera aligusa bawa lililopasuka. "Ikilowa, haitakufa haraka."

Jumamosi iliyofuata Adano alikuwa mlangoni kwa Onodera.

Onodera alimwonyesha kila kitu. Unalaza karatasi juu ya kioo cha dirisha, unapaka gundi nyepesi kwa brashi laini, ukianzia katikati kwenda pembeni. Unaweka karatasi ya pili juu yake, unafukuza hewa kwa kiganja, kisha unaacha ikauke kivulini bila kuigusa. Ukiiharakisha juani inajikunja kama jani. Ikikauka unaingiza kisu pembeni, nayo inabanduka imekazana, inalia kama ngozi ya ngoma ukiigonga. Karatasi ya namna hiyo unaikunja mara hamsini na kunjo halikatiki.

Unga wa gundi aliokuja nao Onodera uliisha baada ya miezi michache. Wakajaribu uji wa ngano. Mende wakala korongo wote. Ndipo Adano akakumbuka gundi ya mgunga, ile wachungaji huitafuna wakiwa malishoni. Alinunua vipande sokoni, akavitwanga, akaviloweka usiku kucha, akachuja kwa kitambaa. Akaipaka kwa brashi yake ya kunyolea. Onodera alipoona karatasi ilivyotoka, aliinamisha kichwa mbele yake kama mtu anayesalimia mkubwa.

Mjapani aliondoka mwaka 1977. Adano hakuacha. Alikunja korongo, akakunja ngamia waliopiga magoti, akawapanga kwenye rafu mpaka ukuta mzima ukajaa. Mchana upepo ulipotikisa mabati, wanyama hao walisuguana kwa sauti ndogo kavu.

"Abba, hivi vitu vinaongea," Habsa alimwambia siku moja. "Vitoe nje."

"Viache."

Hakumweleza kwamba alimsikia mama yake humo. Sauti ilimtesa, lakini aliogopa zaidi nyumba ikinyamaza.

Watu wakaanza kumletea karatasi zao: vyeti vya kuzaliwa, barua za watoto walio mbali, hati zilizochanika kwenye mikunjo. Alizibandikia mgongo wa karatasi nyingine, akazirudisha zikiwa ngumu. Wengine walimlipa maziwa, wengine dua.

Ukame wa mwaka 1984 ulipoua ng'ombe, kamati moja ya msaada iligawa mahindi Kulamawe kwa vikadi vya karatasi nyepesi. Halake, binamu yake Adano, alikuja mjini na vikadi ishirini na vitatu vilivyoanza kuoza kwa jasho. Adano alivibandikia mgongo vyote. Baada ya siku nne Halake akarudi, uso umemshuka.

"Watu wamerudishwa," alisema. "Karani amezichukua kadi zako, anasema ni za uongo. Ni nene kuliko zake."

Adano alikaa chini. Neno lile, *wamerudishwa*, lilimwingia mwilini kama baridi. Asubuhi alipanda lori kwenda Kulamawe na kipande chake cha kioo, kitambaa na kisu.

Nje ya ghala la mahindi wanawake walikuwa wameketi ukutani, magunia matupu yamelala mapajani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwelemea zaidi. Karani, kijana wa Kiturkana aitwaye Ekai, alitoa vile vikadi kwenye droo.

"Ni wewe ulitengeneza hizi, mzee?"

"Ni mimi."

"Basi umewaharibia hawa watu."

"Nipe moja. Na maji kidogo."

"Maji ya nini? Hiyo ikiharibika, sina ingine."

"Najua," Adano akasema.

Alilaza kadi kifudifudi juu ya kioo, akalowesha kitambaa na kukikamua. Hapo mkono wake ukakataa. Ulining'inia hewani, maji yakidondoka mezani, na sauti ikaja karibu kuliko siku zote, karibu na sikio: karatasi iko wapi?

"Iko hapa, Abiba," akajibu kwa sauti.

Ekai aligeuka kuona nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Adano alikwisha kuweka kitambaa juu ya mgongo wa kadi.

Walisubiri. Gundi ya mgunga ikikutana na maji huachia, ila haina haraka. Mwishowe aliingiza kisu, akavuta mgongo taratibu, ukatoka mzima. Akaigeuza kadi. Ilikuwa nyepesi kama ilivyotolewa, na muhuri wa zambarau, kwa kuwa unyevu ulipitia nyuma, haukuwa umetawanyika. Ekai aliiinua kwenye mwanga, akailinganisha na kadi yake.

"Ni yetu," akasema.

"Nitazifungua zote."

Ekai alitazama droo yake, vikadi vingine vilivyoanza kuchanika. "Hapana, mzee. Ziache hivyo." Akaenda kufungua ghala.

Sauti haikukoma. Siku chache baadaye Adano alimweleza Habsa yote, kizuizi na fundo la kikoi na maswali aliyoyaacha bila jibu. Habsa, aliyekuwa sasa na miaka ishirini na moja, alilia, kisha akamkasirikia kwa kumficha, na kwa mwezi mzima hawakuzungumza vizuri. Alipoolewa Kinna mwaka 1986 alirudi kumchukua baba yake akaishi naye huko. Rafu yote ilisafirishwa ndani ya katoni mbili. Ngamia kadhaa wakapondeka.

Kule Kinna watu walizidi kumletea karatasi, mpaka macho yakamsumbua. Brashi akaishika Habsa. Adano aliketi kando yake kivulini, akisikiliza zaidi ya kutazama.

"Anza katikati, mama," alimwambia. "Usiharakishe."