Mama Ivy Alipozungukia Watu

Mama Ivy, yaani Gladwell, ameuza kabichi soko la Kitale tangu tukiwa wasichana wa kiuno chembamba. Alikuwa anabeba gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na Ivy amefungwa kifuani. Mimi nimemwona na macho haya akibeba magunia mawili na mbuzi juu yake. Ukikataa, kataa. Mbuzi mwenyewe alikuwa amelala.

Mwaka huu Ivy akamwita Kanada akakae na wajukuu, moja kwa moja, asirudi. Akamkanya asimwambie mtu yeyote mpaka ndege itue, kwa sababu safari ikitajwa kuna wenye macho ya kuiharibu. Mama Ivy aliniambia mimi peke yangu, maana mimi hata nikisema ukweli hakuna anayeniamini.

Lakini ataondokaje bila kuona watu wake? Tukaanza kuzunguka mitaa. Tuwan, kwa nyumba ya kwanza aliyopanga. Matisi, kwa wateja wa zamani. Kila mlango wanauliza kilichotuleta, na kujibu ilikuwa kazi yangu. Tuwan nilisema tunatafuta bata wangu aliyetoroka na askari. Wakacheka sana, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu Mama Ivy alikuwa ameshika mikono yao na haiachi. Matisi alimsamehe mwanamke waliyekuwa hawasalimiani, akamwachia na leso yake.

Kwetu mtu anayetembea hivyo anajulikana. Huzungukia watu, anakula kidogo, anacheka, na baada ya mazishi ndio tunasema, kumbe alikuwa anatuaga.

Tulipofika Kibomet habari ilikuwa imetutangulia. Everlyne, aliyekuwa jirani yake wa meza sokoni, alichinja kuku siku ya kazi. Hakuna aliyekula. Walikaa wakimtazama Mama Ivy akitafuna. Everlyne akanivuta jikoni aniulize ni ugonjwa gani. Nikasema ni mzima kabisa. Ilikuwa kweli, kwa hiyo hakuamini.

Njiani Mama Ivy akajishika kifua.

"Mama Hesbon, na kama wameona kitu mimi sijaona?"

Nikamwambia ni kuku ya Everlyne, ilikuwa nzee kuliko sisi. Hakucheka.

Alibaki mtu mmoja, Nabwile wa Bungoma, aliyemficha nyumbani kwake mwaka ule wa fujo za kura, wakati Mama Ivy alifukuzwa shambani Endebess. Nyumba yake iko karibu na reli. Tulimkuta uani akianika mahindi. Hakuuliza kilichotuleta. Alimkalisha kwa kiti, akashika mkono wake, akaufinya.

"Umekuja kuniaga," akasema.

"Nimekuja kukuona tu, dada."

"Wangila ndugu yangu alikuja kuniona tu. Akashika mkono hivi hivi. Jumatano tukachimba kaburi. Mkono huu siachi mpaka useme unaenda wapi."

Nilikuwa na hadithi tayari, ya pasta na ngamia. Ulimi ukakataa. Mama Ivy alinitazama, akatazama chini.

"Naenda Kanada kwa Ivy. Sitarudi."

Nilidhani Nabwile atafurahi. Vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Na siku watakuzika huko," akauliza, "ni nani atasimama hapo akikujua?"

 Nabwile akaweka mikono kichwani, akaanza kulia ule mlio wetu wa matanga, mchana, jua likiwaka. Majirani wakatoka mbio. Wakauliza nani amekufa. Nabwile akaonyesha kiti, na Mama Ivy ameketi pale anawaangalia.

Akainuka, akachukua mkoba wake. Watu wakampisha njia. Wanaume wakavua kofia.

Ijumaa alipanda ndege. Ivy alipiga simu akasema mama amefika salama. Mama Ivy mwenyewe sijamsikia bado.