Nesi wa Samaki

Jina la Nesi nilimpa mimi, na sikumpa kwa mapenzi. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa miaka hamsini na ushee, mabega mapana, vidole vinene vya mtu wa kubeba matofali, na kazi yake kutwa kucha ilikuwa kuuguza samaki wasiotimia urefu wa kidole. Siku moja nilimkuta ameinamia beseni na kipimajoto mkononi. Nikamwambia mume wangu, kaka yako huyu si fundi, ni nesi. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake duka zima linamwita Nesi, hadi wateja, naye akatabasamu tu, kama alivyotabasamu kwa kila alichotupiwa.

Msinikodolee macho. Nasimulia yaliyokuwa, sijipaki mafuta.

Duka ni la mume wangu, la matangi ya kioo na samaki wa mapambo. Mbele duka, nyuma nyumba yetu, na katikati kuna kistoo cha mipira ya pampu na makopo ya chakula cha samaki. Nesi alilala humo kistooni. Mke hana, mtoto hana, pa kuweka ubavu pengine hana. Wazazi wao walikufa mume wangu akiwa darasa la tatu. Nesi akaacha shule, akafagia ofisi za watu miaka ishirini ili mdogo wake asome. Mchumba alikuwa naye, akachoka kungoja, akaolewa kwingine. Ufundi wa samaki aliuokota hukohuko maofisini, kwenye tangi la mapokezi ambalo hakuna aliyelijali. Alikuwa akisema kwamba alijifunza kwa kuua, na kwamba kila samaki aliyemuua anamkumbuka.

Mume wangu alipofungua duka akamwita aje amsaidie, watu wakasifu, wakasema huyo ndiye ndugu. Ndugu gani? Alipata fundi asiyelipwa, wa kitanda na sahani ya chakula. Na mume wangu hakuficha: mara mbili au tatu nilimsikia akimwambia kaka yake kwamba kile kistoo ni cha fundi, si cha ndugu, na siku fundi akiharibu, kistoo kitapata mtu mwingine. Nesi aliitikia sawa. Alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba kazi ile ndiyo paa lake.

Alikuwa na sheria moja iliyonitia wazimu. Samaki mgeni haingii tangi kubwa la dukani mpaka akae peke yake wiki tatu. Na anakaa wapi? Bafuni kwangu. Mabeseni matatu ya bluu yamejipanga ukutani, kila moja na kipasha maji chake na mpira wake wa hewa, na wavu uliofungwa uzi mwekundu ili usije ukatumbukizwa kwenye matangi ya duka, maana wavu mmoja kwa maji mawili, alisema, ni kubeba ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Mimi mwenye nyumba naoga nimejibana kwenye kona, mguu mmoja huku mwingine kule, samaki wananitumbulia macho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wangu walikaa wiki tatu na hakuna aliyewapa hata kijiko.

Sasa ikaja ile Jumatatu. Wakaletwa samaki arobaini, wazuri kweli, wekundu wa mkia mrefu. Jumanne asubuhi Nesi akaniita nione. Walikuwa na vidoa vyeupe mgongoni na kwenye mapezi, kama mtu amewanyunyizia chumvi, na walikuwa wakijisugua kwenye ukingo wa beseni kama ng'ombe mwenye kupe. Akaniambia huo ni ugonjwa wa madoa meupe, unaua tangi zima kwa wiki moja. Wala hakuonekana kuogopa; alionekana mtu aliyepata kazi. Akapandisha joto la maji kidogo kidogo, kutwa nzima, mpaka digrii thelathini. Akaongeza hewa, maana maji ya moto yana hewa kidogo. Akapima chumvi ya mawe, akaiyeyusha pembeni kwanza. Kila asubuhi alifyonza maji ya chini na uchafu wake, akajaza mapya ya joto lilelile.

Ijumaa madoa yakawa hayapo hata moja. Nikamwambia, haya, shemeji, wagonjwa wako wamepona, nirudishie bafu langu. Akakataa. Akanieleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba kidudu kikishiba kwenye ngozi ya samaki kinajidondosha chini, kinajifunika, kinagawanyika kuwa mamia, halafu watoto wake wanapanda juu kutafuta samaki. Dawa haikigusi kikiwa ndani ya ngozi, wala kikiwa kimejifunika. Inakipata pale tu kinapoogelea. Kwa hiyo hakuna kuacha mpaka zipite siku kumi na nne tangu doa la mwisho kupotea. Akamalizia na methali, mwenye kovu usidhani kapoa. Nikamwambia samaki wake hawana hata kovu.

Na mimi Jumapili nilikuwa na wageni. Dada yangu mkubwa, yule aliyeolewa kwenye nyumba ya vyoo vitatu, anakuja na mumewe. Nimekaa miaka nikisikia habari za vigae vyake. Eti aingie bafuni kwangu akute wodi ya samaki? Thubutu.

Jumamosi Nesi akatoka kwenda kusafisha matangi ya wateja, mume wangu kafuata vioo. Nikabeba beseni la kwanza, nikalimimina zima kwenye tangi kubwa la dukani, samaki, maji, na takataka za chini. Nikamimina la pili na la tatu. Nusu saa haikufika. Nikasugua bafu mpaka likanukia, nikajipongeza.

Humo kwenye tangi kubwa walikuwemo samaki sitini wa kliniki ya watoto. Daktari aliwaagiza kwa ajili ya ukumbi wa kusubiria, wa kupelekwa Jumatano. Nilijua. Nilisema samaki ni samaki.

Nesi aliporudi alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Hakunifokea, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenifokea. Aliniuliza tu kama nilimimina na maji yake. Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. Kisha akasema hili tangi lazima lifungwe wiki tatu, asiuzwe humo hata samaki mmoja, atibu wote pamoja. Hapo nikashtuka, maana mume wangu angeuliza sababu, na mume wangu akikasirika nyumba hii hailaliki. Nikamwomba asinitaje. Nikalia pia, machozi huwa ninayo karibu.

Akaniambia nisilie, atasema alihamisha yeye.

Na kweli akasema hivyo. Mume wangu akamtukana mbele yangu, akamuuliza kama hawajapona aliwahamisha kwa nini, na kama wamepona anafunga tangi kwa nini. Jibu nilikuwa nimelishika mimi. Nesi akaomba wiki tatu tu. Mume wangu akasema Jumatano ni Jumatano, na akamkataza kutia hata punje ya chumvi, maji yasije yakachafuka mbele ya wateja. Dada yangu Jumapili alikuja, akalisifu bafu.

Jumatano samaki wakaenda kliniki wakiwa safi, wanang'aa. Jumamosi wakaota madoa. Nesi alikwenda huko kwa miguu kila siku, akabembeleza apewe nafasi ya kupandisha joto, lakini daktari alishapigiwa simu na mume wangu kwamba ni vidoa vya kawaida vya safari. Jumatano iliyofuata walikuwa wakielea, tumbo juu, na watoto waliokuja kudungwa sindano wamebandika pua kwenye kioo wanawahesabu. Kuna mama alilalamika. Daktari akampigia mume wangu, na maneno aliyomwambia sikuyasikia, ila niliuona uso wake alipokata simu. Na dukani kwetu tangi kubwa lilikuwa linakufa vilevile.

Mimi nilikuwa napiga pasi. Mume wangu akamwita Nesi, akamsimamisha katikati ya chumba kama mwizi wa kuku. Safari hii hakutukana, na ndipo nilipojua mambo yameharibika. Aliuliza tena, polepole, nani aliwatoa samaki bafuni kabla ya siku zao.

Nesi alinigeukia mimi. Hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, na nilielewa anachoomba kama vile amekitamka. Alikuwa amenibebea mzigo akidhani ni wa matusi. Sasa ulikuwa wa paa lake, na aliutaka niupokee.

"Si amesema mwenyewe ni yeye?" nikasema.

Mume wangu akamwambia aondoke kabla ya jioni. Mtu aliyemlea, aliyemvalisha viatu, akamwambia hivyohivyo, na akaongeza aache funguo mezani. Asante ya punda ni mateke, na sisi tulikuwa punda wawili nyumba moja. Nesi hakubishana. Aliingia kistooni, nikasikia anakunja godoro, ambalo halikuwa hata lake.

Nimeulizwa kama niliona aibu. Niliona. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Lakini aibu haijawahi kunifumbua mdomo, na siku ile haikunifumbua.

Alitoka na mfuko mmoja. Mume wangu alikuwa ameshakwenda dukani. Nesi akasimama mlangoni mwa chumba nilimokuwa nikipiga pasi, akaongea kwa sauti ileile aliyonielezea habari za kidudu.

"Shemeji, ungesema ni wewe, angekufokea siku mbili, ya tatu angesahau. Mimi sina pa kwenda."

"Najua," nikamjibu.

Nesi akainua mfuko wake. Akapita dukani, na sikumsikia mume wangu akimuaga. Mimi nikageuza shati, nikapiga pasi upande wa pili, lile shati alilotaka mume wangu kwenda nalo kwa daktari, kumweleza kwamba mwenye kosa keshafukuzwa.