Bastola Iliyobaki Kiunoni

Afande aliyetufundisha kutumia bastola alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alitembea mbele yetu, mikono nyuma, akisema kwa ukali kama vile tumeshakosea.

"Silaha ni ya kuokoa roho. Si ya kulinda mali, si ya kutisha mutu. Kama njia ya kuondoka iko, ondoka. Adui amekutangulia kutoa bunduki? Wacha kushindana naye. Angalia nyuma yake kuna nani. Na akikupa mgongo, vita imekwisha. Ukimpiga hapo, wewe ndiyo muuaji."

Jambo la mwisho alilosema ni kwamba bastola isionekane. Mtu asijue unayo.

Hilo sikulifuata. Nafanya biashara ya samaki wakavu. Nanunua Kahendero, ziwani, nauza soko la Bwera, mpakani, kwa wateja wanaovuka kutoka Kongo. Niliomba leseni baada ya mwenzetu mmoja kuuawa mlangoni pa stoo yake, na nilipoipata nilijiona mtu mwingine. Nikiinuka kwenye kiti pale Bwera, niliacha shati lipande kidogo. Wenzangu waliona, wakanipisha. Nilipenda kupishwa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimetoka Kahendero na mke wangu, pikapu imejaa samaki. Kwenye barabara ya vumbi, kabla ya kufika lami, tulikuta tawi kubwa limelala katikati. Nikasimama. Kabla sijarudi nyuma, wanaume wawili walitoka kwenye majani marefu. Mmoja alikuwa na panga, akaenda upande wa mke wangu. Wa pili alinielekezea bunduki usoni.

"Toka inje! Mikono juu!"

Tukatoka. Bastola ilikuwa kiunoni, upande wa kulia, chini ya shati, na nilihisi uzito wake kama sijawahi kuuhisi. Nyuma ya mwenye bunduki, bodaboda ilikuwa imekuja na kusimama. Dereva wake alikuwa ameganda, na nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Niliwaona vizuri. Nilijua risasi ikimkosa huyu itakwenda wapi. Nilijua pia kwamba mkono wangu ukishuka tu, atafyatua. Yote niliyofundishwa yalikuja kichwani kwa mpangilio, kana kwamba afande alikuwa amesimama pembeni. Na pamoja nayo magoti yangu yalikuwa yanatetemeka, na hadi leo siwezi kusema ni kipi kilichonizuia, mafunzo au magoti.

Walichukua simu zetu na mkoba wa pesa. Nikamwomba Mungu wasinipapase. Hawakunipapasa. Kisha mwenye panga akamvuta mke wangu leso kichwani, ikaanguka vumbini.

"Leta hereni!"

Moja aliitoa mwenyewe. Ya pili ilikataa kufunguka, na yule mtu akaivuta kwa nguvu. Mke wangu akapiga kelele. Damu ikamtiririka shingoni. Alisimama pale, kichwa wazi mbele ya wanaume asiowajua, akanitazama. Nami nilikuwa nimeinua mikono.

Wakakimbilia majanini. Hapo ndipo nilipoichomoa. Nililenga mgongo wa yule mwenye bunduki, nikaupata sawasawa, kidole kikiwa tayari.

"Wanaenda, Haji," mke wangu akasema. "Waache."

Nikashusha. Dereva wa bodaboda alitazama bastola, akanitazama mimi, halafu akageuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi. Mke wangu aliokota leso yake, akaikung'uta, akajifunga.

Nilimpeleka hospitali ya misheni, Kisinga. Muuguzi alisafisha lile sikio lililopasuka, akauliza limefanywa na nini.

"Hereni ilinasa kwa mlango ya gari," mke wangu akasema.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Muuguzi akatuhurumia, akamwambia awe anashuka polepole.

Kituoni, afande wa zamu aliniamuru niweke silaha mezani. Akatoa risasi, akazihesabu, akanusa mtutu.

"Hukupiga hata moja?"

"Hapana, afande."

"Vizuri sana! Bunduki ilikuwa kwa uso yako. Ungegusa hii kitu, saa hii tungekuwa tunabeba maiti."

Alisema kwa sauti kubwa, kwa nia njema. Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu yao walisikia kila neno. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Sijawahi kusifiwa na kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

Habari ilitangulia kufika Bwera. Nilipofungua magunia, mteja wangu wa siku nyingi kutoka ng'ambo alinisalimia kwa heshima zote, kisha akanyoosha kidole kiunoni pangu.

"Papa Haji, ile kintu ya mu kiuno, weye iko nayo ya kufungia suruali?"

Soko likacheka. Mimi pia nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, nikaendelea kumpimia samaki wake.

Baadaye polisi waliniita. Walikuwa wamemkamata mmoja wa wale wawili, yule wa bunduki. Nilimtambua. Kisha afande akanionyesha silaha waliyomkuta nayo. Kitako kilikuwa mti uliochongwa, mtutu ni bomba la maji, vyote vimezungushiwa mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Niliishika. Ilikuwa nyepesi.

"Uliamini ni ya kweli?" afande akauliza.

"Niliamini."

"Basi. Ungempiga wakati anakuelekezea, sheria ingekusikiliza. Ungempiga akikimbia, wewe ndiyo ungekuwa ndani leo, na yeye mochwari. Enda nyumbani."

Alisema kweli, na hakukuwa na neno lake hata moja la kubisha. Lakini njiani sikufikiria sheria. Nilifikiria leso iliyoanguka, na mikono yangu iliyokuwa juu mbele ya bomba la maji.

Nilimkuta mke wangu jikoni akichambua maharage. Nilitaka kumficha habari hiyo, nikashindwa.

"Bunduki yao ilikuwa mti," nikamwambia.

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo, vikaendelea tena.

"Kwa muuguzi nilidanganya," akasema, "kwa sababu sikutaka akuangalie vile yule wa bodaboda alikuangalia."

Nilikaa kwenye kigoda. Ningependelea anitukane.

"Ulitaka nipige?"

"Wakati ananivua leso, ndiyo. Nilitaka uwamalize wote." Alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Walipogeuka, hapana. Na yule mtoto wa kwa bodaboda, mimi pia nilimuona. Lakini usiniulize mara ya pili, Haji."

Sikumuuliza tena. Leseni bado ninayo, na kila inapofika wakati wa kuihuisha naenda, najibu maswali, nalenga shabaha. Naambiwa nalenga vizuri.

Sikio lilipona likiwa na mwanya chini, ambao leso inauficha. Lilipokauka, mke wangu aliniambia anakuja nami Kahendero. Nilimwambia si lazima. Alikuwa ameshaketi garini. Wakati wa kurudi, tulipokaribia pale penye majani marefu, alitazama mbele tu, akaniambia niongeze mwendo.