Mjomba kanikabidhi mwanawe nimfundishe kazi nisiyoweza kuitaja

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, nimepanga Mazimbu, hapa Morogoro mjini. Nawaomba mmalize kusoma kwanza ndiyo mnitukane, maana nawajua, mstari wa pili tu mtu ameshaandika "pumbavu".

Kazi yangu ni kununua na kuuza madau ya mpira mtandaoni. Si kubeti kama mnavyojua, mtu anasuka mkeka wa mechi kadhaa halafu anakesha anamwomba Mungu. Mimi nanunua dau kabla ya mechi, bei ikigeuka upande wangu nauza, hata kama mpira haujaisha. Timu ishinde, ifungwe, mimi nishatoka. Nimeishi hivyo miaka kadhaa na mama yangu hajalala njaa. Kinachonishinda ni jina. Benki nasema mfanyabiashara. Msikitini nasema nafanya kazi za mtandao. Mama mwenye nyumba anajua natengeneza simu, na ameshaniletea ya kwake imeingia maji.

Mwaka jana nikampata binti, nimwite Zena, kwao Kinole huko milimani. Yeye nilimweleza yote. Akasema atanisitiri, ila kwao nisithubutu kulitamka neno dau. Sababu ni mtoto wa mjomba wake, nimwite Idi. Idi alipewa mdalasini wa familia akauze mjini, hela yote akaibeti. Mbuzi wa mama yake nao wakaenda hukohuko. Alirudi nyumbani amekonda, haongei na mtu, ikawa kazi ya familia kumchunga asije akajidhuru.

Kwao ni Waluguru, ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno juu ya binti. Baba wa Zena yupo, mtu mpole, lakini posa aliisikiliza mjomba. Mwoaji haendi, anakwenda mshenga, nami nilimtuma mzee mmoja jirani yangu. Nilimwambia aseme mfanyabiashara, aishie hapo. Mjomba akamuuliza, biashara ina bidhaa, bidhaa ya kijana wenu ni ipi? Mzee wa watu akatupa jicho uani, akaona magome ya mdalasini yameanikwa, akajibu: viungo. Ananunua viungo anapeleka Dar.

Aliponisimulia nilicheka mpaka nikatoa machozi. Posa imekubaliwa, ningelia nini?

Haikupita wiki, bodaboda akanishushia gunia la mdalasini mlangoni. Mjomba kaniletea nimuuzie. Nikahangaika nalo sokoni, walanguzi wakanipa bei ya dharau, nikaongezea ya mfukoni, nikamtumia mzee hela ya maana. Hapo nilijichimbia kaburi. Akawatangazia majirani kwamba mkwe wake hadhulumu mtu. Yakaja magunia mengine, karafuu, iliki, na kila gunia nikaongezea. Hela ya madau ndiyo ikawa inanunua mdalasini wa mzee anayechukia madau kuliko shetani. Nacheka nikiandika, lakini si kicheko.

Kisha mjomba akashuka mwenyewe mjini, ameongozana na Idi na begi lake. Nilimwamkia, akaitikia, chai hakuitaka. Tulikaa kibarazani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu ile ya jembe.

"Huyu ni mwanangu. Michezo ya simu imemharibu. Mfundishe kazi yako, baba."

Nilipaswa kusema palepale. Nikasema, "Nimepokea, mjomba."

Na wallahi mwanzoni nilijitahidi. Nilikwenda naye sokoni kila asubuhi, tukanunua viungo kwelikweli, tukauza, tukapata hasara tukacheka. Idi akaanza kunenepa. Akawa anaomba ugali wa pili. Kazi yangu nikawa naifanya chumbani, mlango nimefunga.

Jumamosi moja nikasahau kufunga. Idi aliingia kuulizia kiberiti, akakuta mechi na bei zinapanda na kushuka kwenye kompyuta. Hakuhitaji kuelezwa. Nilitegemea atanipiga au ataondoka. Aliketi chini akalia, halafu, Mungu wangu, akatabasamu.

"Kumbe inawezekana, shemeji. Mimi nilikosea njia tu. Baba kasema unifundishe kazi yako. Nifundishe."

Nikamwambia hii si kazi ya kumfundisha mtu. Akaniuliza, "Kwa hiyo inaitwaje?" Nikaifunga kompyuta.

Jamani, miaka yote hii nilijua nikipata mimi kuna mwingine kakosa, ila sikuwahi kumwona. Nilidhani sitamwona. Sasa analala sebuleni kwangu.

Sokoni haendi tena. Anajifunika shuka na simu yake anabeti, na ugali anaubakiza. Nilimwomba arudi kwao, akasema ataulizwa sababu, na hawezi kumdanganya baba yake mara ya pili. Zena naye analia, anasema mjomba akijua ndoa hakuna, na yeye atafukuzwa kwa kuwa alijua akanyamaza. Nikaha ni mwezi ujao. Ukoo umeshamtengea Zena shamba la mdalasini, mjomba anataka mkwe wake awe na bidhaa yake mwenyewe.

Jana mjomba alipiga. "Mwanafunzi wako anaendeleaje?" Idi alikuwa hapohapo pembeni yangu, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Nikasema anajifunza vizuri, mjomba. Mzee akaanza kumshukuru Mungu, sauti ikamkatika, nikajua analia.

Nishaurini ndugu zangu. Nipande Kinole nikaseme ukweli nimkose Zena, au ninyamaze nioe huku mtoto wa watu anaisha sebuleni kwangu? Na nikipanda, mjomba akaniuliza sasa wewe ni nani, nimjibu mimi ni nani?