Siku Sinki la Abonesh Lilipoumuka

"Bibi, ulijuaje kuwa mle bombani mna unga, na bomba lenyewe ulikuwa hujalifungua?"

Bezawit aliuliza hivyo akiwa na miaka minane, amesimama mlangoni mwa jiko, kabla sakafu haijakauka. Bibi yake, Abonesh, alikuwa akifuta mikono kwa pindo la gauni. Akamtazama mjukuu, akalitazama sinki, akamtazama tena mjukuu. "Nenda kacheze," akasema.

Mtoto wa maswali hudhani kila jibu limekaa mahali karibu, ni kunyoosha mkono tu ulichume. Hili lilimchukua Bezawit miaka tisa.

Abonesh alizaliwa upande wa Debre Birhan, kwenye baridi na shayiri. Akashuka Addis Ababa akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na tangu siku hiyo mikono yake haikukauka unga. Aliuza injera, ile mikate mipana na laini ya unga uliochacha, miaka thelathini na mmoja. Katika mtaa wao wa zamani, kule kwenye nyumba za udongo zilizobanana kama meno, watu walikuwa hawasemi "nenda kanunue injera", walisema "nenda kwa Abonesh". Alizaa watoto wanne, akamzika mume mmoja, na hakuna siku aliyosikika akisema hawezi. Ukimwambia jambo gumu, anakuuliza kwanza, "Gumu kuliko nini?"

Mtaa ulipobomolewa, bahati nasibu ya nyumba za ghorofa ikampa vyumba viwili Jemo, ghorofa ya chini kabisa. Akahamia na binti yake Asnakech, na mjukuu Bezawit wa miaka saba. Humo ndimo alimokutana na sinki kwa mara ya kwanza kama mali yake. Mtaani kwao maji machafu yalimwagwa mtaroni, ukaona yanakokwenda. Sasa yanaingia kwenye tundu, yanatoweka. Jambo hilo halikumkalia vizuri. Akamshika fundi wa kwanza aliyepita uani, akamwambia, "Nichoree." Fundi akamchorea kwa chaki kwenye sakafu: bomba moja limeshuka ndani ya ukuta kutoka ghorofa ya nne hadi chini, kila jiko limejiunga nalo pembeni, na kule chini linapinda kwenda nje.

"Kwa hiyo wakinawa wao juu, maji yanapita kwangu?"

"Yanapita nyuma ya ukuta, mama. Huyaoni."

"Nimeshayaona," akasema Abonesh, akaifuta chaki kwa mguu.

Sasa, kulikuwa na chama chao cha Mariamu. Wanawake kumi na wawili wa mtaa wa zamani, ambao nyumba zilibomolewa lakini chama hakikubomoka. Kila mwezi, tarehe ishirini na moja, hukutana kwa mmoja wao. Kasisi hubariki mkate, pombe ya shayiri hunywewa, kahawa hupikwa mara tatu, kisha tsiwa, kile chungu chao cheusi kilichovishwa kitambaa, hukabidhiwa mwenye zamu inayofuata. Aliyepewa tsiwa akishindwa kuandaa, chungu huhamia kwa mwingine na jina lake hurukwa mwaka mzima. Hakuna anayegombezwa. Anarukwa tu, na kurukwa huko watu hukukumbuka kuliko msiba.

Abonesh alipopewa tsiwa kwa mara ya kwanza tangu ahamie ghorofani, Yewubdar alicheka. Yewubdar alikuwa mwenzake wa tangu ujana, na bado alikuwa na nyumba yenye ua wake na mti wake wa limau.

"Mwenzangu," akasema mbele ya wote, "utatuweka wapi? Nyumba yenyewe jirani akipiga chafya juu, wewe chini unajifuta."

"Nitawaandalia hata ndani ya kiberiti," Abonesh akajibu, "na wewe Yewubdar utakuwa njiti ya mwisho kutoka."

Wakacheka wote. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno lililotoka mbele ya wanawake kumi na wawili halirudi nyumbani peke yake.

Wiki ya zamu yake umeme ulikatika Jumatatu na Jumanne, jambo ambalo pale Jemo halikumshangaza mtu. Makaango ya kuokea yakalala baridi. Jumatano umeme ukarudi, Abonesh akakanda unga mpya, na Ijumaa akaoka kuanzia asubuhi hadi jioni. Jumamosi ndiyo ilikuwa tarehe ishirini na moja. Akaamka, akajitanda mtandio mweupe, akaenda kanisani.

Aliporudi, saa tatu na nusu, akakuta harufu imempokea mlangoni kabla ya mtu. Jikoni, sinki lilikuwa limejaa hadi ukingoni maji ya kijivu, na katikati ya maji kiputo kinapanda, kinavimba, kinapasuka. Pwah. Kisha kingine. Asnakech alikuwa amesimama kando na birika tupu mkononi, uso umemwiva.

"Lilianza tu lenyewe, mama. Nimeosha bilauri mbili, maji hayaendi. Nikamwaga birika la maji ya moto, ndiyo kwanza yakapanda."

"Umemwaga nini?"

"Maji ya moto. Si kila mtu anasema maji ya moto?"

Abonesh akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeguswa jino.

Fikirte naye akaingia, mwanamke kijana wa ghorofa ya pili, aliyeolewa juzijuzi na bado anatembea kwa kunyata. Ameshika sufuria inayotoa mvuke kwa vitambaa viwili. "Mama, nimesikia sinki limeziba. Nimekuletea maji yanayochemka."

"Simama hapohapo!" Abonesh akamnyooshea kidole. "Rudisha sufuria yako juu. Maji ya moto juu ya unga! Mnataka kunipikia absit ndani ya ukuta?"

Wanawake wawili wakatazamana. Absit nani asiyeijua? Kila mwoka injera huchota unga uliochacha kidogo, akaupika kwa maji ya moto hadi uwe uji mzito, kisha akaurudisha kwenye ndoo, na ndoo nzima ikaumuka kama imepandwa na shetani. Bila absit injera haina macho. Lakini absit ya bombani ndiyo kwanza waisikie.

"Kwa hiyo mle mna unga?" Asnakech akauliza.

"Pua yako iko likizo?"

Fikirte akaweka sufuria chini. Midomo ilianza kumcheza. "Mama… huenda ni mimi. Kila Alhamisi nasuuza ndoo yangu ya unga kwenye sinki. Yale mabaki ya chini, nusu kikombe hivi, wakati mwingine…"

"Kimya, mwanangu."

"Lakini mama, kama ni mimi niliyekuharibia siku ya Mariamu…"

"Nimesema kimya. Leo hatutafuti mtu, tunatafuta tundu."

Neno hilo Fikirte alilirudia ghorofa ya pili, ghorofa ya tatu wakalichukua, na hadi leo katika jengo lile watu wakigombana juu ya taka au taa ya ngazini, lazima atokee mmoja aseme: leo hatutafuti mtu, tunatafuta tundu.

Mzee Mulatu wa ghorofa ya tatu, dereva wa teksi aliyestaafu, akateremka na ushauri wake. Akainama, akalinusa sinki, akatikisa kichwa kama daktari. "Hapa ni kuvunja ukuta. Fundi ninayemjua anaweza kuja Jumatatu."

"Kasisi anakuja saa nane leo," Abonesh akasema. "Kaka, ule waya wa breki ya mkono wa gari lako, bado unao?"

"Waya wa breki? Ule ni wa kumbukumbu."

"Kaulete. Utakumbukwa vizuri zaidi."

Mzee akapanda ngazi akinung'unika, akaushusha. Abonesh akavua mtandio wa kanisani, akaukunja, akaufunga kiunoni. Akampandisha Asnakech mlango kwa mlango hadi ghorofa ya nne: mtu asifungue bomba wala kumwaga hata tone, mpaka wasikie bomba limegongwa mara tatu.

Kisha akapiga magoti. Akachota maji ya juu kwa kikombe hadi sinki likapungua, akaweka beseni chini ya kile kiwiko cha plastiki kilichopinda chini ya sinki, akafungua nati zake mbili kwa mkono, taratibu, kama anayefungua kifuniko cha asali. Kiwiko kikatoka, na pamoja nacho donge la kijivu likadondoka besenini, puf, likakaa likitetemeka.

"Ee Mariamu," akasema Mzee Mulatu. "Lina macho!"

Kweli lilikuwa na macho, vitundu vidogovidogo vilevile vya injera. Birika la Asnakech lilikuwa limeoka.

"Macho mazuri pia," akasema Abonesh.

Kiwiko kikasafishwa, lakini shida haikuwa hapo. Tundu la ukutani lilikuwa bado limeziba. Akaukunja waya ncha yake iwe kulabu, akausukuma ndani, pima moja, pima moja na nusu, akiuzungusha kwa vidole na kuinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayenong'ona. Waya ukagota. Hapo ndipo bomba linapopinda kwenda nje. Ile chaki ya fundi alikuwa ameifuta sakafuni, si kichwani. Akavuta. Kikaja kipande kirefu, laini, kama mkanda. Akavuta tena. Kikaja kingine.

"Uliopikika unavutwa," akasema, bila kugeuka. "Mbichi unalegezwa. Asnakech, maji baridi. Baridi! Unga hauna ugomvi na maji baridi."

Akayamimina kwa kikombe kwenye tundu, akachokonoa, akayaacha yarudi besenini yakiwa meupe kama maziwa, akamimina mengine. Mara ya tano, mara ya sita. Magoti yake yalikuwa majini. Saa ilikuwa imepita sita, mkate haujakatwa, bilauri hazijaoshwa, na jiko zima linanuka kama ndoo iliyosahauliwa.

Ndipo ghorofa ya nne wakasahau. Ndani ya ukuta kukasikika mngurumo unashuka, na kabla mtu hajasema lolote, tundu likatapika maji ya mchuzi wa dengu, mekundu, yakamlowesha Abonesh kifuani.

Akalamba kidole. "Wamezidisha chumvi," akasema.

Mzee Mulatu alicheka hadi akashika friji. Na wakiwa bado wanacheka, sauti ikatoka sebuleni: "Hodi! Nimewahi kidogo, nimeona nije nisaidie." Alikuwa Yewubdar. Akafika hadi mlango wa jiko na viatu vyake safi, akasimama, akavuta pumzi ndefu kwa pua. "Mwenzangu, mbona kunanuka chachu?"

Bezawit, aliyekuwa amebanwa nyuma ya mlango, aliona mkono wa bibi yake umesimama juu ya waya. Mara hiyo moja tu. Kama Yewubdar angetoka pale akasema nyumba ya Abonesh haifai, chungu kingehamia kwenye ua wenye limau kabla ya saa nane.

"Nyumba ya mwoka injera unataka inukie nini," Abonesh akajibu, "waridi? Vua viatu, shoga, chukua kitambaa. Ulisema umekuja kusaidia."

Yewubdar akavua viatu.

Abonesh akausukuma waya kwa bega zima. Kitu kikakatika kule ndani, na bomba likavuta pumzi, likameza, goloop, refu kama ng'ombe anywaye mtoni. Maji yaliyosimama tunduni yakazama mara moja. Akamimina kikombe: kikapita. Akamimina ndoo: ikapita. Akarudisha kiwiko, akakaza nati, akachukua kijiko akagonga bomba mara tatu, na kutoka juu, ghorofa baada ya ghorofa, vikasikika vijiko vinamjibu.

Saa nane kasisi alipofika, sakafu ilikuwa imepigwa deki na kutandazwa majani mabichi, ubani unafuka, na Yewubdar mwenyewe, mikono imelowa hadi viwikoni, ndiye aliyekuwa anaosha bilauri kwenye lile sinki. Kiberiti kiliwatosha wote kumi na wawili. Tsiwa ikakabidhiwa kwa zamu inayofuata kama desturi, na jina la Abonesh likabaki mahali pake. Wa mwisho kutoka alikuwa Yewubdar.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, Abonesh alimpelekea Fikirte injera kumi bila kupokea chochote. Mwaka ukapita, miwili, Fikirte akazaa mapacha, injera zikawa kumi na tano. Watu wakasema: tazameni moyo huo. Kakosewa yeye, na bado yeye ndiye anayelisha.

Bezawit naye alikua na swali lake. Alilifikiria darasani, mwalimu wa baiolojia alipofundisha chachu. Harufu? Lakini harufu ilikuwa ya kuoza pia, ya dengu, ya sabuni. Mtu anawezaje kujua kwa hakika namna ile?

Mwezi uliopita umeme ulikatika tena siku mbili. Abonesh, sasa ana miaka sabini na mitatu, alisimama juu ya ndoo ya unga iliyokuwa imeanza kumkunjia uso kwa ukali. Akafunika. Akamwita mjukuu wake, akamwambia ashike mpini wa upande mmoja wakaumwage nje kwenye mtaro, mchana kweupe, majirani wakiona. Katikati ya uwanja akatua ndoo apumzike.

"Wewe uliwahi kuniuliza nilijuaje," akasema. "Nilijua kwa sababu niliumwaga mimi, mle sinkini. Ndoo nzima, ulichacha umeme ulipokatika, na nikaona aibu mtu amwone Abonesh anatupa unga wiki ya Mariamu. Mlikuwa sokoni. Na Fikirte alipoanza kulia nikamwambia kimya, watu wakasema ni huruma. Huruma gani, mwanangu? Niliogopa akiendelea kuhesabu vile vikombe vyake, atagundua havitoshi kuziba hata sikio."